Ndugu wa Akaunti Moja

Komeo la mlango wetu wa nyuma hulia kama paka aliyekanyagwa mkia. Jioni nilikuwa nimelipaka mafuta ya kupikia, nikalisugua mpaka likateleza. Bado alfajiri ile, lilipofika nusu, likalia. Kwiii.

Nikaganda gizani, mkono juu ya chuma.

Chumba cha mama mkwe, kimya. Kitanda cha binti yangu, kimya.

Nikavuta nusu iliyobaki. Wanaume wawili wakaingia, viatu mkononi.

Naam, mmesoma sawasawa. Mume yuko mbali kazini, mama mkwe amelala, na mimi nawafungulia wanaume wawili mlango wa nyuma kabla jogoo hajawika. Anayetaka kunihukumu anihukumu, ila amalize kusoma kwanza.

Kwa aliyekosa kunisoma wiki zilizopita: mimi ni mama wa mtoto mmoja. Mchana nafua, napika, nalea. Jioni nasoma usanifu wa michoro kwa kompyuta. Kusoma hakujawahi kunishinda. Kinachonishinda ni programu ya kuchorea, maana hiyo huinunui ikawa yako. Unaipanga mwezi hadi mwezi, kama chumba. Bei yake ukimtajia mama mkwe wangu, atakuuliza kama inasaga na nafaka.

Nilianza na toleo la majaribio. Likaisha katikati ya mtihani, nikabaki natazamana na kioo kinachoniomba kadi ya benki. Nikamwendea fundi, akaniwekea programu ya dezo. Ikanichekea siku chache, kisha ikameza kila kilichokuwemo, pamoja na picha za binti yangu za siku aliyozaliwa. Hizo nilizililia wiki iliyopita, na nyinyi mlinililia. Tusirudie.

Ndipo mwanafunzi mwenzetu mmoja akaja na habari njema. Kampuni inatoa akaunti ya familia. Mnachanga, kila mtu anatumia kompyuta yake. Sharti ni moja tu: muwe ndugu, mnaoishi nyumba moja.

"Basi tuwe ndugu," akasema.

Tukawa.

Huyo aliyefungua akaunti tukamwita Kaka Mkubwa, ingawa ndiye mdogo kuliko sote na anauza vifuniko vya simu kando ya barabara. Ndugu yetu wa tatu ni kinyozi, mrefu kama nguzo ya umeme, mvi zimemjaa kidevuni. Kaka Mkubwa alipokuwa anajaza tarehe za kuzaliwa alichoka, akatuandikia mimi na kinyozi tarehe moja. Tangu siku hiyo yeye ni Pacha wangu. Nikisimama naye, nafika kwenye mfuko wa shati lake.

"Mama yetu alipata tabu siku ile," hupenda kusema.

Tukaishi kwa amani, ndugu watatu wasiojuana ukoo. Mpaka jana, ukaja ujumbe kwenye kompyuta zetu zote. Familia ithibitishwe. Kompyuta zote ziwashwe pamoja, kwenye intaneti ya nyumba moja, kabla ya saa mbili asubuhi. La sivyo akaunti inafungwa na vyote vilivyomo.

Na ndani ya akaunti hiyo imo nembo yangu.

Ni nembo ya hospitali mpya ya watoto. Mwalimu alitupa sote kazi hiyo, na itakayochaguliwa, mchoraji wake anachukuliwa na kiwanda cha uchapaji. Anapewa meza, anafundishwa kazi, anatumia programu isiyokuuliza wewe ni ndugu wa nani. Mwisho wa kutuma ni leo, saa tatu. "Saa tatu kamili," alisema mwalimu, "si saa tatu na visingizio."

Kwa nini sikuiweka kwenye kompyuta yangu? Muulizeni fundi.

Na kwa nini kwangu? Kwa sababu Kaka Mkubwa anatumia intaneti ya simu, na Pacha analala palepale kwenye kibanda chake cha kunyolea. Mwenye nyumba yenye intaneti ni mimi peke yangu. Yaani, mama mkwe.

"Dada, ekstensheni iko wapi?" Kaka Mkubwa alininong'oneza.

"Chini ya kochi. Na upunguze sauti."

"Kompyuta yako bado haina betri?"

"Bado. Ukichomoa waya, imekufa."

"Kama mimi na chai," akasema Pacha.

Tukakaa sakafuni, magoti yamegusana, mwanga wa vioo vitatu usoni. Kiduara kikaanza kuzunguka. *Tunathibitisha familia yako.*

Kaka Mkubwa akainua kidole.

"Sikilizeni. Hizi kompyuta zina maikrofoni. Zinatusikiliza."

"Zinasikiliza nini?"

"Kama kweli sisi ni ndugu. Ongeeni kindugu."

Nilitaka kucheka. Lakini mtu mwenye nembo moja tu duniani, nayo imefungiwa ndani ya kiduara kinachozunguka, hacheki. Haamini, lakini pia hathubutu.

Pacha akasafisha koo. "Dada. Unakumbuka tulipokuwa wadogo?"

"Nakumbuka," nikakiambia kioo.

"Ulikuwa unanipiga sana."

"Ulikuwa unakula chakula changu."

"Kilikuwa kidogo."

"Acheni chakula," Kaka Mkubwa akanong'ona, jasho linamtoka. "Mtajeni mama. Ndugu humtaja mama."

Pacha akakiinamia kioo chake. "Mama alikupenda wewe kuliko mimi," akasema, na kwa jinsi alivyolisema nikajua hapo hakuwa akiigiza. Nikamgusa mkono. Kiduara kiliendelea kuzunguka.

"Mama."

Tuligeuka sote watatu. Binti yangu, Kifaranga wetu, amesimama mlangoni, shuka begani, nywele zimesimama upande mmoja.

"Mama, hawa ni nani?"

Nikafungua mdomo. Kaka Mkubwa akanitolea macho, akaonyesha kompyuta. Inasikia! Inasikia!

"Ni kaka zangu," nikasema, kwa sauti ya kusikika na kampuni nzima.

Akawatazama mmoja mmoja. "Wote?"

"Wote."

Basi. Mtoto akishaambiwa na mama yake, mambo yameisha. Akaja akamkalia Pacha mapajani, akaanza kumvuta ndevu.

"Huyu mzee," akasema.

"Mimi na mama yako tulizaliwa siku moja," Pacha akamjibu kwa unyonge.

Taa ikawaka.

Mama mkwe wangu ni mwanamke mfupi, lakini asubuhi ile, kutokea pale sakafuni tulipokuwa, alifika darini. Kitambaa kichwani, ufagio mkononi, umeshikwa kwa upande wa mti.

Ndugu zangu walisimama kama waliochomwa sindano, Pacha na mtoto mkononi. "Shikamoo mama!"

"Shikamoo zenu zirudisheni mfukoni. Nyinyi ni akina nani?"

Kaka Mkubwa, Mungu amsamehe, bado alikuwa anaihofia maikrofoni. "Ni ndugu zake, mama."

"Ndugu zake." Alilitafuna neno lile taratibu. Kisha akanigeukia. "Mimi nilikuja kwenu kukuposa. Mama yako alinilia hapa begani, akasema, nakupa huyu, sina mwingine. Sasa hawa wamezaliwa lini?"

Kabla sijamkanyaga mguu, Pacha akajibu: "Tarehe moja na yeye, mama."

Ufagio ukapanda juu.

"Mama, subiri!" nikasema. "Subiri nikueleze." Na nikaeleza. Sikujali tena maikrofoni. Chuo, programu, akaunti, ujumbe, saa tatu. Maneno yalitoka kama maji kwenye bomba lililokaa muda mrefu bila kufunguliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa.

"Kwa hiyo umeidanganya mashine," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mashine imekuamini?"

"Ilikuwa bado inafikiri."

"Mimi nimemaliza."

Akainama, akashika waya, akachomoa ekstensheni ukutani.

Kompyuta yangu ikafa papo hapo. Kisanduku cha intaneti kikafumba taa zake. Kwenye kioo cha Kaka Mkubwa, ambaye betri yake ni nzima na kompyuta yake imerukia intaneti ya simu, yakatokea maandishi mekundu. Aliyasoma kwa sauti, kama anayesoma tangazo la msiba:

"Mwanafamilia mmoja ameondoka nyumbani."

Nilimtazama Kifaranga, anatutazama kwa zamu, mimi, bibi yake, waya. Nikajiuliza: leo ananiona nafanya nini? Akiwa mkubwa, atakumbuka mama aliyefanya nini?

"Mama," nikasema, "chomeka."

"Umesemaje?"

"Nimesema chomeka. Tafadhali imo humohumo ndani, sina tu muda wa kuitoa."

"Unaniamrisha? Ndani ya nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako, mama. Sijawahi kubisha." Sauti ilinitetemeka. Nikaiacha itetemeke. "Mwaka mzima nimerudi darasani nikitembea kwa ncha za vidole. Nachora nimejifunika shuka, mwanga usikusumbue. Ulisema kompyuta inakula umeme, nikaacha kupiga pasi. Ulisema majirani wanasema, nikaacha kupita kwa majirani. Leo sijifuniki shuka. Leo nachora hapa sebuleni, taa imewaka, na hawa wamekaa, na anayepita dirishani achungulie mpaka shingo imuume."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema mkweo anasoma."

"Watasema mkwe wangu anafungulia wanaume alfajiri!"

"Basi siku nyingine wafungulie wewe, mama. Ukifungua wewe, watakuwa wageni wako."

Nyuma yangu Kaka Mkubwa alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mdomo wa mama mkwe ukacheza. Sijui ilikuwa hasira au kitu kingine.

"Ulimi huo umeusomea wapi? Darasa la jioni?"

"Hapana, mama. Huu nimeusomea humu ndani."

Pacha akamteremsha mtoto, akaanza kukunja kompyuta yake. "Dada, sisi twende. Tutajua la kufanya. Ndoa yako..."

"Kaa."

"Dada..."

"Kaa chini, nimesema. Mkitoka saa hizi kwa mlango wa nyuma, mmeshakuwa wezi kweli. Mtatoka jua limechomoza, mmevaa viatu, kwa mlango wa mbele."

Pacha akakaa. Kifaranga akarudi mapajani mwake kama mtu anayerudi kwenye kiti chake.

Mama mkwe naye akaketi kwenye kochi, ufagio magotini. Alinitazama muda mrefu. Nami nikamtazama. Nilikuwa sijawahi kumtazama machoni muda mrefu hivyo, na niliona kitu ambacho sikukitegemea: alikuwa na usingizi, na alikuwa na hofu. Mama wa watu aliamshwa na sauti za wanaume gizani, akatoka peke yake na ufagio, kumlinda mjukuu.

Lakini hakuwa amemaliza.

"Kisanduku hiki cha intaneti," akasema polepole, "analipia nani?"

"Mwanao."

"Na mwanangu akisema kizimwe?"

Hapo alinishika pabaya. Kisanduku kimesajiliwa kwa laini ya mume wangu. Akibonyeza kule aliko, huku kinazima, hata kama ukuta mzima una umeme. Naye yuko kambini, anaendesha greda la barabara, na huamka kabla ya ndege. Anajua nasoma. Anajua nachangia programu na wenzangu. Hakuwahi kuniuliza wenzangu wanavaa nini, suruali au gauni.

"Nitachomeka," mama mkwe akasema. "Sitaki kesho useme ni mimi niliyekunyima. Lakini nampigia simu, na atasikia yote. Akisema endelea, nitawapikia chai hawa pacha wako. Akisema basi, ni basi."

Mwanamke mwenye akili angepiga magoti. Angesema, mama yangu, tusimsumbue, tuyamalize wenyewe.

"Mpigie," nikasema. "Na uweke sauti kubwa, tusikie wote. Ila nitamweleza mimi, kwa mdomo wangu."

Alinitazama mara nyingine tena. Kisha akainama, akachomeka.

Kompyuta yangu ilikohoa, ikafikiri, ikaamka. Kisanduku kikafumbua taa zake moja moja. Kiduara kikaanza upya, na safari hii hatukuongea kindugu. Hatukuongea kabisa. Nje kulianza kupambazuka, na mtu alikuwa anafagia uwanja wa jirani, chwa, chwa, chwa.

*Mwanafamilia mmoja amerejea nyumbani,* ikasema mashine.

Kisha: *Familia imethibitishwa.*

Kaka Mkubwa aliibusu kompyuta yake. Pacha alifuta macho akisema ni vumbi. Mimi sikuwa na nafasi ya furaha. Nikaingia ghalani mwa akaunti, nikashuka, nikatafuta, na pale nilipoiacha, ilikuwepo. Nembo yangu. Haikuliwa.

Nikahisi mtu ananipumulia shingoni. Mama mkwe ameinama nyuma yangu, miwani yake ya kusomea iko puani.

"Hiki ni nini?"

"Ni mkono, mama. Umekunjwa, na mtoto amelala ndani yake. Ya hospitali."

"Umechora wewe?"

"Mimi."

"Kwa hiyo hiki ndicho unachofanya chini ya shuka."

"Ndicho."

Akairekebisha miwani. "Mbona hujawahi kunionyesha?"

"Hujawahi kuniuliza, mama."

Hakuondoka pale alipoinama.

Nikaandika anwani ya mwalimu. Nikaambatisha. Nikabonyeza kutuma. Faili ni zito, na intaneti yetu asubuhi hutembea kama mzee mwenye goti bovu. Mstari wa buluu ukaanza kujaa kutoka kushoto. Kidogo. Kidogo tena.

Nyuma yangu mama mkwe akapiga, na simu ikaita, sauti kubwa, kama nilivyotaka mwenyewe.

"Haloo? Mama?" Sauti ya mume wangu, na nyuma yake injini zinapashwa moto. "Kuna nini asubuhi hii? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa," akasema mama mkwe. "Mkeo ana la kukwambia."

Mstari ulikuwa haujafika nusu.

Nikapangusa mikono kwenye gauni. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga kama vyombo kabatini: naanza na nembo, nafuata na akaunti, wenzangu nawaweka mwisho, mmoja mmoja, kwa kazi zao na umri wao. Sikuwa na la kuficha, na sikuwa naenda kuomba radhi. Nilikuwa naenda kumwambia baba wa mtoto wangu kwamba nitasoma, akiniunga mkono nitashukuru, asiponiunga nitasoma.

Nikanyoosha mkono kupokea simu.

Lakini kuna sheria moja katika nyumba hii ambayo si mimi wala mama mkwe aliyeitunga. Baba akiwa kwenye simu, wa kwanza kuongea ni Kifaranga. Imekuwa hivyo tangu baba yake aende kambini, na hata bibi yake, kwa ukali wake wote, hajawahi kuivunja. Mtoto aliruka kutoka mapajani kwa Pacha, na mkono wa mama mkwe, kwa mazoea tu, ukateremka wenyewe, ukampa.

"Baba!"

"Mama yangu mdogo!" Niliisikia sura yake ikichangamka. "Umeamka mapema hivi? Haya, nipe habari za nyumbani."

Nikainuka kwa magoti. "Kifaranga, mpe mama kwanza..."

Akanigeuzia mgongo, kama anavyofanya siku zote anapozungumza na baba yake. Akashika simu kwa mikono miwili. Akavuta pumzi.

"Baba, mama ana kaka wawili."